Gesi Haiishi

Uongo wangu ulikuwa wa neno moja: "Imeisha."

Kila baada ya miezi mitatu, minne hivi, Mwalimu alinipigia simu kutoka Mhunze kwamba kiyoyozi cha chumbani kwa Mzee wake kinapuliza upepo tu, baridi hamna. Natoka Maganzo na pikipiki, mtungi nimeufunga nyuma kwa mpira, geji nimezivaa shingoni kama daktari. Napachika geji, mshale umelala chini. "Gesi imeisha, Mwalimu." Najaza, baridi inarudi, napewa shilingi 80,000 na kikombe cha chai ya maziwa, naondoka. Mara tano hivyo.

Fundi mwenzangu wa friji akifika hapa ameshanielewa. Gesi ya kiyoyozi si Luku, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande: huko nje kompresa inaishindilia, inatema joto na kuwa majimaji, ikiingia ndani inapata nafasi, inachemka kwenye koili na kunyonya joto la chumba, kisha inarudi kwa kompresa kuanza upya. Kiasi kilichotiwa siku ya kufungwa ndicho kinachotakiwa kukutwa siku mashine inatupwa. Ikipungua, kuna tundu. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kazi, mwaka 1994, na sijawahi kusahau. Ila nilijua pia kwamba tundu likizibwa, Mwalimu hatanipigia simu Januari, na Januari ni ada za shule.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nasema mapema, kwa sababu bila hilo hii ingekuwa habari ya fundi mwizi, na habari za mafundi wezi hazina upungufu nchi hii.

Mara ya sita ilikuwa Oktoba. Anayeijua Kishapu anaijua Oktoba yake: mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Bati linalialia kuanzia saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amelala kwa upande wake wa kushoto, upande ambao kiharusi hakikuuchukua, kanga imelowa mgongoni. Alikuwa karani wa jineri miaka ya pamba. Sasa maneno yaliyombakia yanahesabika, na mojawapo ni "wabeja", ambalo alilisema kila nilipowasha mashine. Ndiyo, alinishukuru mara tano. Ya sita hakuwahi.

Nilikuwa na kijana, ametoka chuo juzi tu. Nikampandisha ngazi afungue kava wakati mimi natoa geji kwenye mfuko. Akapitisha kidole chini ya kona ya koili, akakitazama, akakinusa.

"Fundi, hapa pana mafuta."

Nikajifanya sijasikia. Mwalimu alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Mafuta ya nini, ng'wanawane?"

Kijana, ambaye bado hajafundishwa kunyamaza, akamweleza vizuri kabisa: kwamba gesi inatembea na mafuta ya kompresa, kwamba inapovuja, gesi yenyewe hupotea lakini mafuta hubaki, yanashika vumbi, na hilo doa jeusi hapo kwenye kona si la jana wala juzi. Akasema pia kwamba ile barafu iliyokuwa ikiganda kwenye koili na kuyeyuka ikachirizika ukutani, ambayo mimi nilimwambia Mwalimu ni bomba la maji limeziba, ilikuwa dalili ya gesi kupungua.

Mwalimu aliweka sinia juu ya stuli. Amefundisha Jiografia zaidi ya miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo hakasiriki haraka, anauliza swali.

"Kwa hiyo haikuwa ikiisha."

"Haikuwa, Mwalimu."

"Ilikuwa inakwenda wapi?"

Nitalirudia swali hilo. Kwanza nimalize ya koili, maana nayo ilinifundisha kitu.

Siku hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza. Nikashusha koili, nikaijaza naitrojeni hadi paundi 250, nikapovusha sabuni ya unga kwenye bakuli na kuipaka kwa brashi ya rangi, kona baada ya kona. Sisi wa Maganzo tumekulia kwenye lango la mgodi wa Mwadui. Tangu Williamson aipate almasi pale mwaka 1940, hapa mtoto anazaliwa akijua kwamba kitu kidogo hupatikana ndani ya vumbi jingi kwa mwenye subira ya kuchekecha. Kutafuta tundu ni kazi ileile. Unainama, unashika pumzi, unatazama povu. Lile la kwenye kona lilijionesha kwa kiputo kimoja kilichokua polepole hadi kufikia ukubwa wa punje ya mtama, kikapasuka, kikaanza kingine. Nikalisafisha kwa msasa, nikawasha mtungi, nikachomelea. Shaba ikawa nyekundu, nondo ya kuchomelea ikayeyuka na kutambaa kuzunguka kiungo kama maji yanavyozunguka jiwe. Nikajaza naitrojeni tena, nikafunga, nikaiacha ilale hivyo usiku kucha.

Asubuhi mshale ulikuwa paundi 190. Baridi ya alfajiri hushusha kidogo, lakini si sitini.

Nikarudi na povu. Safari hii viputo vilitoka katikati, chini ya mapezi ya alumini, mahali ambapo huwezi kupeleka moto bila kuunguza kila kitu. Vidogo kama vumbi. Viwili hapa, kimoja pale. Ugonjwa huo wataalamu wa metali wameupa jina la nyumba ya sisimizi, maana ukikata bomba na kulitazama kwa darubini unakuta ndani ya shaba vijia vinavyojipinda na kugawanyika kama ndani ya kichuguu. Husababishwa na tindikali hafifu, za jamii ileile ya siki na ile ambayo sisimizi hutemea mtu, zinazotoka kwenye vitu vya nyumbani vya kawaida kabisa: gundi ya mbao za kabati, rangi, baadhi ya dawa za kusafishia. Zikichanganyika na unyevu wa koili, zinaanza kuchimba. Ukuta wa bomba lile haufiki nusu milimita. Chumba cha mgonjwa kinapigwa deki kwa dawa kila siku, na kabati la Mzee lilikuwa jipya. Yaani usafi na upendo wa Mwalimu ndivyo vilivyokuwa vikiila mashine yake.

Koili ya namna hiyo haitengenezwi. Unaziba moja, jirani yake inafunguka mwezi ujao. Na kwa mashine ya zamani ya gesi ya R22 koili peke yake huipati. Utazunguka Shinyanga, utazunguka Mwanza, mwisho utaambiwa nunua mashine nzima.

Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikiliza shuhuda. Mtu anasimama: nilikuwa mlevi, nimeacha. Nilikuwa mgomvi, nimeacha. Tunapiga makofi, na ni haki tupige, tundu limezibwa. Lakini nilipoikalia ile koili uani kwa Mwalimu nilijiuliza kama mimi nina tundu au nina kichuguu. Sikuwa nimedanganya mara moja nikateleza. Nilidanganya mara tano, kwa sauti ya upole, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Na kabla ya Mwalimu walikuwapo wengine. Mwenye tundu moja anatubu tendo. Mwenye kichuguu akitubu tendo moja moja atatubu mpaka kufa, na kila mara geji itaonesha sawa kwa siku chache. Mtu naye ana mahali ambapo moto haufiki.

Basi, deni. Ndani ya Biblia kuna viwango. Zakayo, aliyekuwa mfupi akapanda mkuyu kama mimi ninavyopanda ngazi, aliahidi kurudisha mara nne. Jaza tano kwa 80,000 ni 400,000. Mara nne ni 1,600,000. Nikamwacha Zakayo pale juu ya mti. Nikafungua Hesabu, sura ya 5, ambako mwenye kuungama anarudisha yote na kuongeza sehemu ya tano: 480,000. Nikiri kwamba nilichagua andiko kwa kikokotoo. Nikampelekea Mwalimu hesabu hiyo, nikaongeza kwamba mashine mpya ambayo watoto wake walikuwa wanachangia nitaifunga bure.

Akaikataa nusu. "Kufunga mashine ni kazi, na kazi nitakulipa. Deni ni deni. Usinichanganyie vitabu." Akatoa daftari la shule lenye mistari, akaandika jina langu juu, akachora jedwali. Nalipa 40,000 kila mwezi, kwa miezi kumi na miwili. Sikuwahi kupata kipaimara kilichoniingia kama lile jedwali.

Kisha akanirudishia lile swali. Darasani kwake alifundisha tabaka la ozoni: kwamba mwaka 1974 Molina na Rowland waligundua gesi za friji na marashi ya kupuliza zinapanda juu na kulila lile pazia linalotukinga na jua, kwamba mwaka 1985 tundu lilionekana juu ya Antaktika, kwamba mwaka 1987 dunia ikakubaliana kule Montreal, na Tanzania ikaingia mwaka 1993. Alichora yote hayo ubaoni kwa chaki za rangi kwa wanafunzi ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona friji.

"Nilikuwa nawafundisha habari za watu wa mbali," alisema. "Kumbe yule mtu alikuwa anakuja kwangu, nampa chai." Akanyamaza kidogo. "Ya kwangu umeniambia, na umeyaandika. Ya huko juu utamwambia nani?"

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike.

Kazi nilianza na gesi ya R12, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, halafu nikaja R22, ambayo inaidhuru ozoni kidogo tu ukilinganisha, ila kilo moja ikitoka inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,800 za hewa ya ukaa kwa miaka mia. Na desturi ya mafundi wa mtaani naijua, ni yangu: unapotaka kushusha mashine unalegeza nati, inalia shiii, unasubiri, unaendelea. Hata simu unaweza kuongea. Nikipiga hesabu ya huruma, kilo moja kwa wiki kwa miaka ishirini, nimeachia zaidi ya kilo elfu moja. Hakuna aliyeniona. Haina rangi, haina harufu ya maana, na upepo wa Kishapu hauna daftari.

Makosa tuliyozoea kuyatubu yana mlango. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likaenda Ng'wang'holo na Nyenze. Siku ile kila mtu aliona. Nyumba zilihesabika, mashamba yalipimika, mwenye kudai alikuwa na jina na mpaka wa shamba lake. Unaweza kubishana juu ya kiasi, lakini unajua kwa nani pa kwenda kubisha hodi. Gesi yangu imekwenda kwa nani? Kwa mvuvi wa visiwa ambavyo bahari inavipandia? Kwa mtu ambaye hajazaliwa? Je, toba inawezekana pale ambapo uliyemkosea hana mlango?

Nilimuuliza mchungaji. Alinirudisha kwenye Hesabu ileile, mstari wa mbele yake nilioupita kwa haraka ya kikokotoo: kama aliyekosewa hana ndugu wa kupokea, malipo yanakwenda kwa Bwana, yaani kwa kuhani. Ni andiko zuri. Lakini kanisa letu linaezekwa bati mwaka huu, na niliona jicho la mchungaji likienda darini. Sikumlaumu, ila nilihisi nikilipa pale nitakuwa nimenunua usingizi.

Nikamuuliza jirani yangu anayeuza vipuri, Mwislamu mwenye kujua dini yake. Akaniambia kwao toba ina masharti: uliache kosa, ujute, uazimie kutolirudia. Na likihusu haki ya mja kuna la nne, umrudishie haki yake au akusamehe, maana haki ya mja Mungu hamsamehei mtu juu juu kama vile mwenyewe hayupo. Na asipojulikana mwenyewe? Unaitolea sadaka kwa niaba yake. Nikaona dini mbili zimekutana kwenye kona moja: aliyekosewa asipopatikana, deni halifi, linabadilishiwa anwani. Lakini zote mbili zilikuwa zinazungumzia mali. Ng'ombe, fedha, shamba. Mimi sikuwa nimechukua kitu. Nilikuwa nimeachia kitu.

Jibu nililipata nyuma ya nyumba ya baba yangu, ambako sikuwa nalitafuta. Pale pana ngitili. Asiye Msukuma nimweleze: ni kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, nyasi na miti vipumue hadi kiangazi. Wazungu walipokuwa wakipambana na mbung'o, misitu ya Shinyanga ilifyekwa na maelfu ya watu. Babu yangu alikuwamo, na alijivunia shoka lake. Likaja shamba la pamba likafyeka iliyobaki. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unaitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanza mradi wa HASHI, na watu wakahimizwa kurudia ngitili za wazee wao. Miaka kama kumi na tano baadaye zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000.

Baba alifunga ekari tatu. Nikiwa kijana nilimcheka kwa sababu hakupanda mti hata mmoja. Alizungushia minyaa, akafukuza mbuzi, akakaa. Migunga ikatoka yenyewe kwenye visiki ambavyo babu alidhani ameviua. Baba alikuwa analipa deni la baba yake, kwa watu ambao hakuwajua, bila kulitaja kuwa deni. Alilipa kwa kuacha.

Lile sharti la kwanza la jirani yangu, kuacha, nilikuwa nimelipita kama mlango wa kuingilia masharti mengine. Kumbe kwa asiye na mlango ndilo lote. Mbingu haidai sadaka yangu. Inajirudishia yenyewe ikiachwa, kama visiki: tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilisema tukishikilia mapatano, ozoni itakuwa imerudi katika sehemu kubwa ya dunia karibu mwaka 2040, na juu ya Antaktika karibu 2066. Mimi sitakuwapo. Joto lenyewe ni habari nyingine, hilo halina ahadi nzuri namna hiyo.

Siku ya kuishusha mashine ya Mzee, ambayo nilikuwa nimeirudishia koili na gesi ya kusubiria mpya, nilifanya jambo dogo ambalo nilikuwa nalijua tangu 1994. Kabla ya kulegeza nati yoyote nikawasha mashine, nikaenda nje, nikafunga koki nyembamba kwa ufunguo wa pembe sita. Kompresa ikaendelea kuvuta bila kupata, ikaikusanya upande wake wa nje gesi iliyokuwa kwenye mabomba. Mshale ulipokaribia sifuri nikafunga koki nene, nikazima. Dakika tatu. Nikalegeza nati: kimya. Kijana akanitazama kama nimefanya mazingaombwe. Miaka yote ile niliokoa dakika tatu.

Mzee hakuona, alikuwa amehamishiwa sebuleni. Mashine mpya ni ya R32. Nayo si malaika, inashika moto ukiizembea, lakini inatiwa kidogo na inapasha dunia kiasi cha theluthi moja hivi ya R22. Ilipowaka, Mzee amerudishwa chumbani, alisema neno lake. Safari hii nililipokea nikiwa nimetazama chini.

Ile gesi niliihamishia kwenye mtungi wenye koki mbili nilioununua Mwanza, wa kazi hiyo hasa. Ile mitungi ya kutupwa usiijaribu, inapasuka. Sina mashine ya kuvutia, kwa hiyo nauweka mtungi kwenye beseni la barafu ninazonunua kwa mama anayewauzia watoto wa shule, gesi inafuata baridi yenyewe. Haihami yote. Kijana ananiuliza tutaipeleka wapi, maana imechanganyika ya mashine tofauti, haifai kumjazia mtu. Sina jibu. Mtungi unakaa karibu na banda la mbuzi, kivulini, na kila Jumamosi jioni, saa niliyokuwa nikijiandaa kwa ibada, nauning'iniza kwenye mizani ya pamba aliyoniachia baba. Jumamosi iliyopita ulisoma kilo kumi na tatu na robo, mtungi na kilichomo. Kijana aliandika kwenye daftari. Kwa Mwalimu imebaki miezi saba.